Mahekalu ya Bibi Tulasa

Jumatatu, 1 Juni 2015. Louisville
Basi limechelewa tena. Nimefika kwa Bibi Tulasa saa tatu na robo. Nimemwogesha, nimempaka mafuta miguuni, nimemchemshia chai ya maziwa na iliki. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona mwanga na vivuli tu. Mwezi ujao atapasuliwa jicho la kushoto na anaogopa. Leo amemwambia mjukuu wake Sarita kwamba kabla ya kisu anataka kuzunguka mahekalu ya mji huu, ya Kihindu na ya Kibudha. Yote. Sarita ataendesha gari. Mimi nitamshika Bibi mkono, ndiyo kazi yangu.

Mume wangu Emma amepiga simu kutoka Buffalo. Kazi ya kiwandani inaendelea vizuri, nyumba amepata. Anataka mimi na binti yetu Neema tuwe huko mwisho wa mwezi. Nimesema sawa. Sijui kama ni sawa.

Jumatano, 3 Juni
Hekalu la kwanza. La Wavietnam. Nyumba ya kawaida, ila bustanini kuna sanamu nyeupe ya mwanamke, ndefu kuliko paa. Bibi ni Mhindu kutoka Bhutan lakini hana shida na Wabudha. Kwao wanasalimu wote, anasema.

Mimi nina shida. Nimekulia kambi ya wakimbizi, Tanzania. Mchungaji wetu alitufundisha kuinamisha macho tukipita penye sanamu. Nimeyainamisha. Nimetazama viatu vya watu mlangoni. Bibi akauliza, kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza, uso wake ukoje? Nikajibu: mzuri.

Sikuwa nimeutazama. Nimemdanganya mtu asiyeona. Sipendi hata kuliandika.

Jumamosi, 6 Juni
Mawili leo. Asubuhi kwa watawa wa Kiburma, karibu na kwetu Beechmont. Zulia jekundu, feni, harufu ya wali na samaki. Mtawa mmoja anakunywa soda. Nilitarajia kitu cha kutisha.

Mchana hekalu kubwa la Wahindi. Mnara umechongwa viumbe toka chini hadi juu. Mlangoni kuna kengele. Bibi aliipiga kwa nguvu za msichana. Ndani aliingia na Sarita. Mimi nilizungukazunguka pale kwenye maegesho. Siku hizi siwezi kutulia. Nikikaa, miguu inacheza.

Walipotoka nilivua viatu, nikapanda ngazi kumpokea Bibi. Akanipa sahani yake ya maua niishike. Hapo hapo likapita gari la kusambaza mizigo, taratibu. Dereva: Mzee Yohana wa kanisani kwetu. Hakunipungia mkono.

Jumapili, 7 Juni
Baada ya ibada wameniita. Mchungaji, Mzee Yohana, na mama wa kwaya.

“Mama Neema, tumesikia unatolea sanamu maua.”

Nimesema nilikuwa namsaidia mgonjwa. Maua ni yake. Wametazamana. Nisiimbe kwaya mpaka nitubu.

Nimekasirika sana. Wananishtaki kwa kosa ambalo sikufanya, na lile nililofanya hawalijui. Neema ameniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, mbona nalia. Nimesema vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

Alhamisi, 11 Juni
Emma amekata tiketi za basi, za tarehe 28. Bado sijamwambia Bibi. Kila nikifungua mdomo ananiita chori, binti, nami naufunga. Leo nimefua mashuka yaliyokuwa safi.

Jumamosi, 13 Juni. Columbus
Zaidi ya saa tatu garini. Watu wengi wa Bibi wamehamia huku. Hekalu lao lilikuwa duka la samani, bado lina milango ya vioo. Wanawake aliokaa nao kambi ya wakimbizi, Nepal, wamemkumbatia hadi kilemba chake kikaanguka.

Kisha akanivuta hadi mbele kabisa, penye sanamu.

“Sema,” akaniambia.

Nikainua macho. Nikaanza kusema na Sarita akitafsiri. Uso wa dhahabu. Macho makubwa, kama mtu aliyeitwa jina ghafla. Rangi nyekundu ya paji imechuruzika hadi puani. Mikono minane. Kidole kimoja kimevunjika, wamekifunga kwa uzi. Amepanda simba, na simba ana sura ya mbwa aliyeshiba. Bibi alicheka huku machozi yakimtoka. Sikuabudu. Nilitazama tu.

Nikamwambia na lile la Wavietnam. Kwamba nilidanganya.

“Najua,” akasema. “Ulijibu haraka.”

Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikamwambia nahamia Buffalo.

Akauachia mkono wangu.

Jumatatu, 15 Juni
Amekataa nimchane nywele. Amejichana mwenyewe, vibaya. Nimekaa jikoni nikiona aibu, kama mwizi.

Jumamosi, 27 Juni
Siku ya mwisho. Bibi ameketi kwenye stuli, akaninyooshea kitana. Nimemsuka polepole. Nilipomaliza nikafumua, nikasuka tena. Hakulalamika.

Jioni mama wa kwaya amekuja kutuaga na maandazi ya njiani. Lile jambo hakulitaja. Nami sikulitaja. Sijatubu.

Alhamisi, 9 Julai. Buffalo
Tuko North Buffalo. Emma yuko kazini. Neema anapanda ngazi na kushuka, anazisikiliza zinavyolia.

Sarita amepiga simu ya video. Bandeji ya jicho imetolewa. Bibi akaisogelea simu, akanitazama mpaka nikaona haya. Akasema neno, Sarita akaangua kicheko.

“Dada, anasema alidhani wewe ni mzee!”

Nina miaka thelathini na mbili. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kisha Bibi akataka nigeuze simu dirishani. Nikageuza. Barabara, mti, jirani anamwagilia nyasi. Tulikaa hivyo kitambo, yeye akitazama, mimi nikiwa nimeshika simu.