Mihogo Michungu ya Shamba la Chini

Kapata, Kolwezi
Jumapili, 21 Novemba 1993

Mpendwa Shangazi Ndaya,

Nakusalimu kwa heshima na kwa hamu nyingi. Habari za Mwene-Ditu? Kifua chako kinaendeleaje tangu mvua zianze? Na mume wako, Tata Tshilombo, ule uvimbe wa miguu aliotoka nao kwenye treni umepungua? Swedi dereva alinifikishia maneno yako, kwamba watu wa parokia wamewapa chumba na mnalala pakavu. Nilimwambia ayarudie maneno yote tangu mwanzo, naye akanicheka, lakini aliyarudia.

Huku sisi tunapumua. Baba, kaka yako, macho yanamsumbua ila anakula vizuri. Kila jioni anauliza kama kuna habari kutoka kwako, kisha anajibu mwenyewe kwamba njia ni mbaya.

Ofisi yetu ya kilimo kule Manika bado inafunguliwa. Mkuu ametutaka tuandike upya mashamba yote ya mjini: yale ya kudumu, yale ya kuhamahama, bustani za bondeni. Shuleni nilikuwa naandika “kilimo cha kujikimu” na kupiga mstari kwa rula, nikidhani ni kilimo cha watu wa mbali. Sasa ni cha Kapata nzima. Tangu kampuni ya mgodi iache kugawa unga wa mahindi, watu wanalima kando ya reli, nyuma ya vyoo, hata kwenye udongo uliotolewa mgodini ambao haustawishi kitu. Wengi wamezaliwa katika nyumba za kampuni. Walijua siku ya kwenda na gunia kupokea unga, basi. Jembe wamelishika mwaka huu.

Haya nakueleza ili uelewe yanayofuata. Nakuandikia kwa sababu ya shamba lako, Shangazi, na kwa sababu sikufanya ulivyoniagiza. Sikutaka uyasikie kwa mtu mwingine.

Wiki tatu baada ya treni yenu kuondoka, mtu aitwaye Mukalay aliingia katika nyumba yenu pamoja na mkewe, Mama Joyeuse, na watoto wao wanne. Alikuwa fundi wa mitambo. Karakana yao imefungwa. Nilitaka awe mtu mbaya, ingenirahisishia mambo. Lakini aliokota picha yenu ya ndoa iliyobaki sakafuni, akaiegemeza dirishani, na mpaka leo ipo.

Waliona shamba nyuma ya nyumba linaloshuka hadi kijitoni, wakaanza kuvuna mihogo ya juu. Wakaichemsha, wakaona ni mitamu. Hawakujua kwamba matuta yale kumi na manne ya juu ni ya mihogo ya kuchemsha na kula, na kwamba kuanzia pale udongo unapokuwa mweusi, kwenda chini, yote ni michungu, ya kuloweka. Majani yanafanana. Mti unafanana. Hata mimi niliyeipanda pamoja nawe, nisingeitambua kama sikuwa nimehesabu.

Nakumbuka ulivyonivuta shati kule kituoni ukaniambia, “Polycarpe, ya chini usisemeshe mutu. Acha ile mihogo itulindie shamba mpaka siku ya kurudia.” Nilikuelewa. Mihogo ile hukaa ardhini miaka miwili au mitatu bila kuoza, nguruwe haigusi, na mwizi akiionja mara moja harudi. Ilikuwa ghala yenu na mlinzi wenu. Nikakuahidi kunyamaza.

Nami nilinyamaza, Shangazi, lakini kila asubuhi nikienda kazini nilipita uani mwao na kuhesabu. Jumatatu ya tarehe 8 yalikuwa yamebaki matuta sita ya juu. Jumatano manne. Alhamisi mawili. Nilijiambia kwamba Mama Joyeuse atashtuka akionja uchungu. Nilijiambia pia kwamba nikifungua kinywa wataniuliza, wewe umejuaje? Na jibu la swali hilo ni wewe, na ni mume wako, ambaye watu wa kwao wanafukuzwa mkoani humu. Siku hizi ofisini tunaulizwa kijiji cha baba na cha mama. Mimi najibu cha baba, haraka, kisha nageukia karatasi zangu. Hakuna aliyekuwa anajua kwamba shangazi yangu aliondoka na ile treni ya waliofukuzwa.

Ijumaa, saa sita mchana, nilikuta watu wamejaa mbele ya nyumba yenu. Rachelle, mtoto wao wa miaka sita, alikuwa amelazwa kwenye mkeka. Alikuwa anatapika na kushika kichwa, na walipomsimamisha magoti yalimwisha nguvu. Mama yake alikuwa amechemsha mihogo ya tuta la kwanza la chini. Wengine walionja, wakatema. Njaa ya Rachelle ilizidi uchungu ule. Alikula vipande viwili kabla hawajamwona.

Sijui niliogopa nini zaidi, mtoto yule au maneno niliyoyasikia. Mwanamume mmoja alikuwa anasema kwa sauti kubwa:

“Benye kuenda balituachia sumu mu shamba! Bandugu yabo beko pale ku gare. Twende tubaulize!”

Na wengine, “Twende! Twende!”

Unajua watu waliobaki kituoni, Shangazi. Ulikaa nao. Wanawake, wazee, watoto waliolala juu ya mizigo yao miezi mingi wakingoja behewa. Kutoka Kapata hadi kituoni si mbali kwa watu wenye hasira.

Nikasikia sauti yangu ikisema, “Haiko sumu. Ni mihogo ya uchungu. Inatakiwa kuloweshwa mu maji siku tatu.”

Mukalay aligeuka. Alikuwa amemshika mtoto mgongoni ili atapike vizuri. “Weye ni nani?”

“Karani wa ofisi ya kilimo.”

“Karani!” mmoja akacheka. “Angalia mikono yake, batu! Laini kama ya mutoto wa jana. Utajua nini ya mihogo?”

“Mi nilipanda ile mihogo,” nikasema. “Shamba ni ya shangazi yangu, Mama Ndaya. Chini kule nilifanya matuta pamoja naye.”

Nilifikiri wataniburuta mimi kwanza, kisha waende kituoni. Mama Joyeuse ndiye aliyesema, na hakusema na mimi, alisema na mumewe: “Tata Mukalay, mutoto anatapika, nyiye munapiga mudomo! Mupelekeni ku dispensaire!”

Tulimbeba mimi na Mukalay kwa zamu. Muuguzi aliuliza alichokula. Nilimweleza, naye akasema ningekawia kumwambia angemtibu malaria. Mtoto alilazwa siku mbili. Jumapili aliomba uji. Nakuandikia hili mapema ili usisome yaliyobaki ukiwa na moyo juu: Rachelle ni mzima, jana nimemwona akimkimbiza kuku.

Lakini Ijumaa ile hatukujua hivyo, na wale wanaume walikuwa bado mbele ya nyumba tuliporudi. Mukalay akawaambia wasiende popote. Kisha akaninyooshea kidole. “Unasema haiko sumu. Basi, loweka hapa, mbele ya macho ya kila mutu. Ikiiva, utakula weye wa kwanza. Ukianguka, tutajua.” Watu wakakubali. Nadhani wengine walikubali kwa sababu ya hamu ya kuniona nikianguka.

Basi nilichimba mihogo kutoka tuta lile lile. Nikaimenya na kuitia katika pipa uani, nikajaza maji. Siku tatu nilikwenda kazini na kurudi kulitazama pipa lile. Kila aliyepita aliinua kifuniko, akaziba pua, akaniuliza kama nimeaga kwetu. Siku ya pili Baba aliniuliza, “Ulihesabu matuta, au ulikisia?” Nikasema nilihesabu. Akasema, “Basi kula.”

Siku ya nne mihogo ilikuwa imelainika vizuri. Nikatoa nyuzi, nikaivunjavunja na kuianika juu ya mabati, na mvua ikaja. Tuliianika, tukaianua, tukaianika tena. Mama Joyeuse alikuwa upande mmoja wa bati na mimi upande mwingine. Hapo ndipo aliponiuliza mambo yake. Utajuaje imelowa vya kutosha? Mbona usiioshe kijitoni? Maji ya kwanza unamwaga wapi, kuku wasiyanywe? Nilimjibu yote, Shangazi. Kila jibu nililitoa katika mdomo wako.

Jana mchana alitwanga, akachekecha, akasonga bukari. Nilikaa kwenye kiti uani, watu labda thelathini wamesimama. Nikamega, nikachovya katika mboga ya sombe, nikala. Niliinamia sahani, na mtu mmoja akasema, “Karani anasali.” Nilikula matonge matano. Mukalay akasema tungoje. Tukangoja mpaka kivuli cha ukuta kikafika miguuni mwangu.

Mama Joyeuse akachoka. “Batoto yangu beko na njaa,” akasema. “Siwezi kungojea maiti ya karani siku muzima.” Akanawa, akaketi, akala. Watu wakacheka, na baada ya kicheko kile hakuna aliyetaja tena sumu wala kituo. Wakaondoka mmoja mmoja. Mwanamke wa nyumba ya tatu alirudi na bakuli kuomba aonyeshwe.

Sasa lile gumu. Ile mihogo ilikuwa inakulindia shamba kwa sababu hakuna aliyejua kuila. Sasa wanajua, na mimi ndiye niliyewafundisha. Leo baada ya misa Mama Joyeuse amekata miti ya mihogo na kuanza kupanda tena matuta aliyovuna. Unajua desturi ya mashamba haya: atakayepanda na kuvuna misimu miwili, mkuu wa mtaa atamwandika yeye. Na inayompelekea mkuu wa mtaa karatasi za kuandikia ni ofisi yetu. Sitakudanganya kwamba shamba linakungoja. Nimelitoa, Shangazi. Ningepewa tena siku zile tano, ningelitoa Jumatatu badala ya Ijumaa, na mtoto yule asingetapika. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini, wala si ahadi niliyoivunja.

Kazini sijui nitakuta nini kesho. Mkuu alinitazama Alhamisi akasema tu, “Nimesikia habari za shangazi yako.” Tafadhali usinijibu kwa anwani ya ofisi, mpe Swedi.

Swedi anaondoka alfajiri na lori la samaki wa chumvi, na chini ya kiti chake nimemwekea mzigo wako. Ni miti arobaini ya mihogo ya shamba la chini, niliyoikata mwenyewe leo mchana, nimeifunga katika gunia lililolowa. Mukalay alinishikia panga. Ikifika ikiwa bado na utomvu, ipande siku hiyo hiyo, hata kama ni kando ya ukuta wa parokia. Waambie majirani wote kwamba ni michungu. Waambie kabla hujafukia mti wa kwanza.

Nisalimie Tata Tshilombo kwa heshima zote, na mama wa parokia aliyewapokea. Baba anakusalimu na anasema usinywe maji ya baridi. Amisa, mke wa Swedi, anauliza kama kitenge chake kilikufaa njiani.

Mungu awape kiangazi kifupi na paa lisilovuja.

Mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na kuliogopa jibu lako,

Polycarpe