Mulango Nilifungua bila Kuuliza

Mujukuu wangu Nadège,

Jambo sana. Huku Kamina tuko bazima, na shangazi yako alizaa mutoto mwanamuke.

Unauliza kama muchezo wenu wa kujifanya muntu mwingine, wenye kitabu kinene na bantu basiokufa, unapita wetu wa zamani. Sisi tulikuwa na kete moja ya muti ya kurusha, yenye namba, na sauti ya rafiki yangu Béa, binti ya soda, ni kusema askari. Yeye anasimulia, sisi tunasema tunafanya nini.

Siku moja mu muchezo nilifungua mulango bila kuuliza nyuma kuko nini. Nyoka akauma ule muntu nilijifanya, nikarusha kete, ikakataa, akakufa. Nikalia. Béa akanipatia kete: "Basi sasa weye njo utasimulia."

Miye mwenye haya, nikaanza kusema, na haya ikaisha. Kisha nikafundisha darasa maisha yangu yote.

Chezeni vile munapenda, mama. Lakini kila nikimukumbuka Béa, namushukuru kwa kuniua.

Kambo yako, Ngoie