Nilipotafsiri Kiswahili kwa Kiswahili

Jumapili, alasiri. Jua la Februari huku kwetu Mbeere halina huruma. Mabati yanalia juu ya kichwa changu na kuku wamejificha chini ya ghala. Naandika kwa simu ya Mama. Amenipa bila kuniangalia usoni.

Ningependa kuandika kwamba nina huzuni, lakini si kweli. Nina ganzi. Siku niliyong'olewa jino nilirudi nyumbani nikijigusa mdomo. Nilijua ni wangu lakini haukunijibu. Leo niko hivyo mwili mzima.

Leo kanisani nimeulizwa kama nimeokoka. Nikasema sijui. Mbele ya watu wote, mimi ambaye darasani nikijua jibu humnong'onezea jirani yangu alitoe yeye.

Wacha nianze mwanzo, maana hata kichwani mwangu bado mambo hayajapangika.

Niko nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Shule yangu ni ya bweni, upande wa Nkubu, kwenye baridi na majani chai, na kila muhula CU, chama cha wanafunzi Wakristo, huleta wageni wa kutuhubiria wikendi nzima. Mwisho wake ni uleule. Mgeni hushusha sauti na kuuliza nani yuko tayari kumpokea Yesu kama Mwokozi wake wa kibinafsi. Nimepita mbele nikiwa kidato cha kwanza. Nimepita kidato cha pili. Mwaka huu nimepita tena. Wenzangu hulia mpaka wanashikwa mabega wasianguke. Mimi hujigusa shavu kuona kama kuna machozi. Hakuna. Narudi bwenini, nafungua kitabu.

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili. Nataka kuamini, nataka sana. Nasoma Biblia kuliko wengi wa wale wanaolia, lakini naisoma kama ninavyosoma vitabu vingine, nikitaka kujua nini kitatokea kwa fulani. Kwamba fulani huyo ni mimi, hapo ndipo nashindwa.

Nyumbani, Mama aliokoka kabla sijazaliwa. Baba hapana. Baba analima muguka, jamaa ya miraa, kama nusu ya majirani zetu, na kama wao huyatafuna yale majani machanga kutwa nzima, shavu moja limejaa. Kanisani muguka unahesabiwa pamoja na pombe. Baba alizoea kusema wokovu ni wa wanawake na watu wasio na shamba. Kila Jumapili alitupeleka kwa pikipiki, mimi katikati na Mama nyuma, akatushusha langoni na kugeuza bila kuzima injini.

Wiki hii kulikuwa na krusedi katika uwanja wa shule ya msingi. Mhubiri alikuwa mgeni kutoka Taita, hajui hata salamu ya Kimbeere. Mtu anayetutafsiria kila mara alikuwa amekwenda mazishini. (Mwalimu wangu wa Kiswahili angesema mkalimani, lakini kanisani tunasema mtafsiri.) Mama akainuka kwenye mkutano wa maandalizi na kusema, "Wawira atatafsiri. Si anasoma vitabu?"

Nilidhani nitakufa kwa haya. Sikufa. Kumbe ukitafsiri huonekani. Watu wanamtazama mhubiri, wanakusikia wewe, na maneno si yako. Mhubiri akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Akasema alikuwa mlevi, nikasema nilikuwa mlevi. Akasema mke wake alimfukuza, nami, na kichwa changu kilichonyolewa cha msichana wa shule, nikawaambia Wambeere kwa sauti kubwa kwamba mke wangu alinifukuza. Watoto waliokuwa mbele walicheka mpaka wakalala kwenye nyasi. Sikujali. Sijawahi kusema kwa sauti kubwa namna ile maishani mwangu.

Neno lililonishinda ni moja tu, kibinafsi. Mimi naijua kibinafsi ya shule za kibinafsi na hospitali za kibinafsi. Kwa Kimbeere sikupata kitu. Mhubiri ananisubiri. Nikasema, "Mwokozi wangu peke yangu."

Cucu alikuwa ameketi mbele kabisa. Ni mama yake Baba, na ndiye niliyepewa jina lake. Akauliza, wala hakunong'ona, "Wako peke yako? Na sisi wengine tuchukue yupi?"

Uwanja mzima ukacheka. Mhubiri akafikiri Roho ameshuka. "Haleluya!" akasema. "Haleluya," nikatafsiri.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Baba alikuja kutuchukua mapema, akaegemea pikipiki yake pembeni na shavu limejaa. Mhubiri alikuwa ameanza kuita watu. Wanawake wawili walitoka, kisha mzee mmoja. Halafu nikamwona Baba akitembea katikati ya viti. Akasimama karibu na spika, akageuka, akatema muguka kwenye kiganja chake na kukifunga. Hakujua pa kuutupa.

Mhubiri akasema, "Sema nami. Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi."

Nikasema, "Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi."

Kwa Kiswahili. Kilekile alichosema mhubiri, neno kwa neno, nikakirudisha kwa watu kama kilivyokuja. Mtu akacheka nyuma. Nilijua nimekosea. Nilitafuta Kimbeere, lugha niliyozaliwa nayo, na hakikuwepo. Mhubiri akaendelea. Naomba unisamehe. Nikasema naomba unisamehe. Kuanzia leo mimi ni wako. Kuanzia leo mimi ni wako. Mpaka amina.

Baba alifuata kila neno. Hakumfuata mhubiri. Alinitazama mimi mdomoni na kusema nilichosema mimi.

Baada ya amina Mama alitukimbilia, akatukumbatia wote wawili pamoja. Alikuwa analia. "Wote! Siku moja! Mume wangu na mtoto wangu!" Mhubiri naye akashika kipaza sauti akasema hata mtafsiri wetu ameguswa, mmesikia wenyewe, ameacha kutafsiri akaomba. Watu wakapiga makofi.

Ningesema nini? Kwamba nilisahau tu kubadilisha lugha?

Na hapo ndipo nilipokwama. Nikiitafsiri sala ya mtu, sala hiyo si yangu, hilo nalijua. Lakini sikuitafsiri. Niliisema. Iliingia kwa Kiswahili na kutoka kwa Kiswahili. Basi ilikuwa ya nani?

Sikuhisi chochote. Nilihisi tu kipaza sauti kina joto.

Jana Baba hakutafuna. Sijawahi kumwona hivyo. Alilala mchana akiwa ameketi. Aliamka akagombana na mbuzi. Mikono yake haikujua mahali pa kukaa. Rafiki zake wakapita barabarani, wakapunguza mwendo. "Baba Wawira! Tunasikia wewe ni pasta sasa! Hiyo shamba utapanda kabeji?" Baba alicheka nao kidogo. Walipokwenda, akamwambia Mama kwamba mtu aliyeokoka hawezi kuuza kitu asichokitia mdomoni, basi ataung'oa muguka wote.

Mama, ambaye ameombea siku hiyo maisha yake yote ya ndoa, akaacha kuosha vyombo. "Ng'oa dhambi kwanza, Baba Wawira. Miti iache."

Jioni Baba alinikuta nikiteka maji kwenye tangi. Aliniita mami, kama anavyoniita siku zote, kwa sababu nina jina la mama yake.

"Mami, kesho wanataka tutoe ushuhuda."

"Nimesikia, Baba."

"Tutasimama wote wawili. Peke yangu siwezi. Wale watu wananijua vizuri." Akatazama maji yakijaa ndooni. "Usiposimama, mimi nitabaki hapa nyumbani."

Nilijua maana yake. Akibaki nyumbani, kufikia Jumatatu atakuwa kwenye steji ya magari na wenzake, shavu limejaa, na mzaha wote utakuwa juu yake. Asingeweza kujaribu mara ya pili. Baba si mtu wa kuchekwa mara mbili.

Nikasema, "Nitasimama."

Usiku sikuwaza sana, nililala. Ndiyo sehemu inayonitisha. Mtu anayejiandaa kudanganya mbele za Mungu angekosa usingizi. Asubuhi nikawa najiambia ni neno moja. Nimesema maneno mengi wiki hii ambayo si yangu, na hakuna aliyeumia. Na kama Baba ataacha kutafuna kwa sababu ya neno langu moja la uongo, je, Mungu atalirudisha? Nimeuliza swali hilo kwa utulivu kabisa, kama swali la hesabu.

Kanisani tulisimama mbele. Baba alikuwa amevaa koti la harusi yake. Alisema kwa Kimbeere, nami nikamtafsiria mhubiri. Alitaja jina lake. Alisema ametafuna tangu akiwa kijana na hajatafuna tangu Ijumaa. Alisema hana mengi zaidi. Watu waliimba. Ilikwenda vizuri, na mimi sikuonekana, kama nilivyozoea.

Kisha mhubiri akanigeukia. "Na wewe, binti yangu? Hapa huna wa kumtafsiria. Tuambie wewe mwenyewe."

Neno lilikuwa tayari. Nimeokoka. Mama alikuwa kwenye kiti cha pili, ameshaanza kunyoosha mikono juu.

Nikafungua mdomo na kikatoka Kimbeere, sijui kwa nini. Nilisema, "Sijui. Yale maneno niliyasema, lakini sijui kama yalikuwa yangu. Sisikii kitu."

Kikohozi kimoja. Mhubiri akatabasamu, akatazama huku na huku, kwa sababu hakuelewa na mtafsiri wake ndiye aliyekuwa amesema. Hakuna aliyeinuka kumsaidia. Mama alishusha mikono.

Baba akachukua kipaza sauti mkononi mwangu. Kiswahili chake ni cha sokoni, huwa anakionea haya. Akamwambia mhubiri, polepole, "Mimi sijui. Hiyo maneno nilisema, lakini sijui kama ni yangu. Sisikii kitu."

Mhubiri akachanganyikiwa. "Samahani, ndugu. Ni nani asiyejua? Wewe ama yeye?"

Baba alinitazama. Kisha akamtazama mhubiri.

"Sisi wote tu," akasema. "Mimi ndio nimeanza. Huyu naye ni mtoto. Tutaona."

Cucu akacheka peke yake. Wengine hawakujua kama wanaruhusiwa. Mhubiri ni mtu mwema. Akatuwekea mikono vichwani, akaomba sala fupi, akatuambia tukae. Hakuna aliyepiga makofi.

Njiani Mama alisema jambo moja tu, nyuma yangu kwenye pikipiki. "Ungesema ndiyo, Wawira. Neno moja." Hajaniongelesha tena. Najua nimemchukulia kitu ambacho alikuwa nacho kwa siku mbili tu. Ninajua, lakini sikihisi, na kwa hilo najiona mbaya kuliko kwa lile nililosema.

Nilifikiri Baba atatuacha langoni kwetu na kurudi steji. Nilimtazama mgongo njia nzima nikingoja pikipiki ipunguze mwendo pale steji. Rafiki zake walikuwepo. Mmoja aliinua mkono wenye kifurushi. Baba aliwapigia honi, akapita.

Sasa hivi wanakula. Mimi nimeshiba nikatoka nje, hapa barazani. Mama alipika ndengu na chapati kwa ajili ya sherehe ambayo haikuwa. Wanaotafuna hawali, muguka huua njaa, na tangu nijue dunia nimezoea kumwona Baba akichokora sahani na kuisukuma upande wa Mama. Leo amemaliza ya kwanza. Ameomba ya pili. Nilipokuwa natoka aliniuliza kwa sauti ndogo, Mama asisikie, "Bado husikii kitu, mami?"

Nikasema bado.

"Mimi nasikia njaa," akasema. "Njaa kali sana." Alionekana kuishangaa, kama mtu aliyemkuta mgeni mlangoni na hajui kama ni mzuri au mbaya.

Kutoka hapa nilipo nasikia kijiko kikikwangua chini ya sufuria, na Mama anamwambia apunguze, atavimbiwa.

Sijui kama imani ya mtu inaweza kuanzia hapo. Kesho nitarudi Nkubu, na CU watatuuliza tena, na safari hii nitabaki kwenye kiti changu mpaka niwe na la kusema. Lakini kabla ya kuondoka nitamuuliza Baba kama ameamka na njaa.