Taya Lako, Mama, na Langu

Mama yangu uliyelala Majimoto,

Juzi nilipiga mwayo hapa Shanwe, taya likaalika, likagoma kufunga sawasawa. Nikasimama jikoni nimeshika shavu, na nikakukumbuka. Na wewe ulikuwa unashika hapohapo, mbele ya sikio.

Unakumbuka msimu ule wa mpunga ulipong'olewa gego? Ulirudi na pamba mdomoni, na maumivu hayakwisha. Ukang'oa na la pili. Shangazi akasema ni sikio, baba akasema umelogwa. Wewe ukanyamaza. Ukaacha kuimba kanisani, ukaacha kutafuna mahindi ya kuchoma na sisi. Mimi nilikuwa nimeolewa huku mjini na mwanaume usiyemtaka, basi nikajua umenikasirikia. Nilipokuja kukutembelea, tulipoagana ulinishika mkono tu. Hukusema neno. Malaria ikakuchukua kabla sijarudi.

Nilienda hospitali na mume wangu, nikitaka nami jino ling'olewe. Daktari akabonyeza mbele ya sikio, akaniambia nifungue mdomo taratibu.

"Jino lako zima, dada. Kinachouma ni kiungo cha taya. Ukilala unasaga meno?"

"Sijui."

Mume wangu ndiye aliyejibu. "Anasaga mpaka naamka."

Nikarudi na meno yangu yote. Nyumbani nakanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Nakula wali laini na maharage yaliyoiva sana; miwa nimeiacha. Mwayo ukija, naweka ngumi chini ya kidevu, mdomo usifunguke sana. Nikijikuta nimeuma meno mchana, nayaachanisha. Maumivu yanapungua, halafu asubuhi nyingine yanarudi, wala sielewi kwa nini.

Ila kinachonichanganya zaidi ni wewe. Ulikuwa umenuna, au kuongea kulikuwa kunauma? Au vyote viwili? Nilimpigia baba nikamuuliza. Akasema, "Mama yenu hakuwa mtu wa kinyongo." Lakini ni baba huyohuyo aliyesema umelogwa. Nimwamini lipi?

Mume wangu, yule uliyemkataa, ndiye anayenichemshia maji. Kitambaa anakijaribu kwanza kwenye mkono wake, ndipo ananiwekea shavuni. Namtazama, natamani ungemwona. Sijui ungesema nini, mama. Hata kama ungekaa kimya, safari hii ningekuuliza unaumwa wapi.

Pumzika, mama.

Binti yako mkubwa