Albamu Imerudi Safi, Mke Wangu Kanyamaza

Anti Zubeda, shikamoo. Nakuandikia kwa haraka maana sendofu ya mdogo wangu Jenifa ni Jumamosi ya wiki ijayo na mpaka sasa haina MC, na aliyesababisha ni mimi, mimi pamoja na albamu moja ya wazungu.

Nina miaka thelathini na tisa, nafanya kazi ofisi moja ya serikali hapa Kibaha, na mke wangu Atupele ni mshereheshaji, tena si wa kubahatisha, kuanzia Kisarawe hadi Mlandizi watu wanamuuliza yeye kwanza ndipo wapange tarehe. Sasa Anti, mwaka 2011 nilikuwa Mlandizi, kijana wa suruali za kubana, na kulikuwa na albamu ya ule muziki wa kompyuta unaodunda, ikipigwa kila mahali, saluni, kwenye mabasi, hadi kwenye harusi, na mimi niliipata kwa Ally, aliyekuwa na kibanda cha kuwaingizia watu nyimbo kwenye simu pale stendi. Vibanda vya jirani vilikuwa vinanakili nyimbo zake, kwa hiyo akamrekodi msichana aliyemwajiri, akachomeka sauti yake katikati ya kila wimbo: "Umeipata kwa Ally, stendi ya Mlandizi, kama umeipata kwingine umeibiwa," wakati Ally mwenyewe hakuwa na ruhusa ya wimbo hata mmoja. Sauti ile ilinimaliza. Nikawa narudi kuongeza nyimbo nisizozihitaji, simu ikijaa nafuta picha za ukoo ili nipate sababu ya kurudi tena, na msichana huyo ndiye Atupele, mama wa wanangu wawili.

Jumapili iliyopita kamati ya sendofu ilikaa kwetu, nami nilikuwa nimenunua spika mpya, nikaikuta albamu ile mtandaoni, yote kamili, nikaifungulia kwa furaha na nikasema mbele ya watu wote, "Sikilizeni, hii ndiyo yenyewe, safi, haina yale makelele ya kibandani." Watu wakacheka, Atupele naye akacheka, ndiyo maana sikushtuka. Ila mwenyekiti wetu, dada Margareth, alipomkaribisha aeleze ratiba ya siku, akasema, "Da Margareth, mtafute mwingine. Mimi na makelele yangu tutakaa na wageni." Akaenda jikoni kuongeza chai.

Tangu siku hiyo nyumbani kinachosemwa ni luku imeisha na watoto wameoga. Nimemtumia meseji ya samahani, amejibu "sawa" tukiwa kitanda kimoja. Jenifa amelia, anasema wifi yake ndiye aliyemlea tangu kidato cha kwanza na hawezi kuingia ukumbini akitangazwa na mtu asiyemjua.

Halafu kuna jambo sijamwambia mtu. Kesho yake niliisikiliza tena ile albamu ofisini, peke yangu, kwa earphone, na inachosha, Anti. Muziki unapanda, unapanda, unakata kidogo kabla ya kudunda, na pale unapokata ndipo tangazo lilipokuwa linaingia. Sasa hakuna kitu. Nikajikuta nalisema mwenyewe kwa sauti, hadi mwenzangu Isihaka wa meza ya pili akaniuliza nimeibiwa nini. Je, nimwache mke wangu apoe, au nimnunulie zawadi? Na je, ni mimi niliyezeeka au ni muziki?

Evance, Picha ya Ndege, Kibaha

*

Marahaba, Evance. Tuanze na dogo. Hujazeeka, na muziki wa ujana hauna haramu yoyote. Mimi nikiusikia wa kwangu hata magoti yanasahau dawa. Kilichokuponza ni mdomo.

Mkeo anaishi kwa sauti yake. Ndiyo inayompa heshima mjini, na ndiyo iliyokuleta wewe kibandani kila siku kama mgonjwa wa kliniki. Ukasimama mbele ya kamati, mbele ya watu wanaompa kazi, ukasema albamu imekuwa safi kwa sababu sauti hiyo imetolewa. Alicheka kwa sababu kulikuwa na wageni. Wewe ungetaka alie kwenye sinia la maandazi? Halafu, baba mzima, unamtumia meseji na mto wake uko shibri moja kutoka wako. Umemkosea kwa spika, unamwomba radhi kwa kidole gumba.

Pole lakini, maana naona unampenda. Mwanamume asiyempenda mkewe hazungumzi peke yake ofisini. Tatizo ni kwamba habari nzuri umempelekea Isihaka, ya ovyo ukampa Atupele.

Usimwache apoe. Chai ndiyo inayopoa. Mtu huzoea, na akizoea kutokusemesha utakuja kuniandikia barua nyingine ndefu kuliko hii. Zawadi nayo iache dukani kwanza, kitenge hakitasema ulichopaswa kusema wewe.

Kamati itakaa tena kabla ya sendofu, haiwezi kukosa. Kabla ya yatokanayo na kikao kilichopita omba nafasi kwa mwenyekiti, na Atupele awepo, asiwe jikoni. Chai siku hiyo pika wewe. Fungulia wimbo mmoja tu, ukifika pale unapokata, uzime. Waambie watu walewale kwamba hapo palikuwa na sauti ya mke wako, kwamba ndiyo uliyokuwa unaifuata stendi, na kwamba bila sauti hiyo, albamu imekushinda kuimaliza. Wasimulie na la ofisini, ili safari hii wakucheke wewe. Sema samahani kwa jina lake, na usiongeze "lakini".

Habari ya u-MC usiiguse. Hujamkosea ili uje umpangie kazi. Akikataa, kamati itafute mwingine, na Jenifa aingie ukumbini akiwa ameshikwa mkono na wifi yake, mbona itapendeza. Akikubali, iwe kwa hiari yake.

Ukishamaliza, kaa chini unyamaze. Na kama atakugombeza mbele ya kamati nzima, sikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha, kisha umshukuru Mungu, kwa sababu mke anayekugombeza bado ana la kukwambia.