Watu Si Wali: Kwa Kombo, Kabla Hajang'oa Meno ya Watoto Wetu

Mwanangu mpendwa Kombo,

Kosa la watu wengi ni kudhani kuwa binadamu ni wali. Mpishi akitaka kujua kama wali umeiva hali chungu kizima. Huchukua punje moja, akaibana kwa vidole, akajua. Kwa wali ni sawa, kwa kuwa punje zote zimetoka gunia moja na zimechemka kwa moto mmoja. Watu hawakupikwa chungu kimoja. Ukimbana mmoja kwa vidole umemjua huyo mmoja, tena kwa siku hiyo tu.

Nimeanza hivi kabla hata ya kukuuliza hali, unisamehe. Nina hofu, na mwenye hofu husahau adabu. Barua hii naiacha wazi. Nakala moja nakuletea wewe huko Unguja, na nyingine nitaisoma barazani baada ya sala ya Ijumaa, ili wazazi wa hapa Chake, na wa Wingwi na Kisiwa Panza watakaokuwapo, wajue ninachokuuliza na waje wasikie utakachonijibu. Si kukuaibisha. Watoto ni wao.

Umeniandikia kwamba utavuka na vyombo vyako karibuni, na kwamba wakubwa wako wamekuruhusu kufanya utafiti. Watoto ambao meno yao yamepandana utawang'oa meno manne mazima, mawili ya juu na mawili ya chini, ili yaliyobaki yapate nafasi, kisha uyafunge nyaya yanyooke. Umesema umekwisha kujaribu kwa watoto wachache wa mjini, na maneno yako ni haya: "Wote wamenyooka, Baba Mkubwa, hata mmoja hakubaki." Ukiyaona hayo hayo kwa wachache wengine hapa Pemba, umesema, utaratibu huo utaingia skuli zote za kisiwa.

Nilipofika hapo niliiweka barua chini.

Hapa mtaani wao wanacheka. Jina lako limewapa kazi. Juzi Bi Time, jirani yetu, alisimama mlangoni akapaza sauti: "Haya, Kombo anakuja kunyoosha vya kombo!" Mumewe akamjibu kutoka ndani: "Basi aanze na ulimi wako, hakuna kilichopinda kuupita huo." Wakacheka mpaka na mimi nikacheka. Kisha nikamwona Mize, mjukuu wangu, amekaa kizingitini, naye anacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja.

Unamkumbuka alivyokuwa mchanga. Sasa ni msichana wa skuli, na chonge yake ya juu imempandia mwenzake kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Mama yake, binti yangu na dada yako Sharifa, amekwisha kukubali awe wa kwanza kwako. Nilipomwambia asubiri kidogo alinitazama kama niliyetaka kumnyima mtoto chakula. "Baba, si Kombo kashasema? Kasoma yule. Sisi tunajua nini?"

Hilo ndilo linaloniogopesha, mwanangu. Hakuna atakayekuuliza. Kwa hiyo nakuuliza mimi.

Unakumbuka masika tuliyofungiwa ndani na mvua, tukawa tunarusha kete, yale makombe madogo ya pwani, ukumbini? Ulikuwa hujaanza skuli. Kete ikirushwa huanguka chali au kifudifudi, na siku ile ulirusha fungu lako zikaanguka zote chali. Ukaruka. "Zimenijua! Baba Mkubwa, mkono wangu una siri!" Nikakwambia rusha tena. Ukazikumbatia kifuani ukasema, "Basi, tusirushe tena." Nilikubembeleza mpaka ukarusha, ukarusha na kurusha, na kila ulivyozidisha ile siri ya mkono wako ikayeyuka, zikabaki kete tu, nusu hivi na nusu vile. Ulilia. Mimi nilifurahi, nikidhani nimekufundisha jambo ambalo hutalisahau.

Watoto wako wa mjini ni lile fungu la kwanza la kete. Wote wamenyooka, nakubali. Je, wangapi wangenyooka hata usingewagusa? Maana yapo meno ambayo hujipanga yenyewe taya linapokua. Na wangapi wangenyooka kwa nyaya peke yake, bila kung'olewa? Hukuniambia. Nadhani hukuniambia kwa sababu hujui.

Sasa nitasema jambo ambalo watu wa rika langu wote wanalijua, na mama yako ameniruhusu niliandike.

Wewe ulikuwa kigego. Meno yako ya juu yaliota kabla ya ya chini. Bibi yako, mama yangu marehemu, Bi Mize aliyemwachia mjukuu wangu jina, alikuwa anakunywesha uji, kijiko kikagonga kitu juu. Aliweka bakuli chini, akatoka nje. Kabla ya adhuhuri wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kukaa, na Mzee Faki, ami yangu, ndiye aliyesema.

"Huyu apelekwe kwa watu wasio wake. Akibaki hapa, ataondoka mtu."

Nikamwuliza, "Mmejuaje, ami?"

"Mtoto wa Makoongwe aliota ya juu, baba yake hakumaliza mwaka. Wa Wingwi, bibi yake. Wataka ushahidi gani, mwalimu weye?"

"Na walioota ya chini, baba zao hawafi?"

Mzee Faki akatema tambuu. "Yakhe, hesabu zako kafundishe skuli. Mauti hayana hesabu."

Mama yako alikuwa amekufunika mdomo kwa pindo la kanga, kama kwamba meno yakisahauliwa yatarudi ndani. Alisema maneno machache tu: "Akiondoka huyu, na mimi naondoka." Baba yako, mdogo wangu, akasimama upande wake. Ukabaki.

Na kabla hujajifunza kutembea, baba yako akafa kwa homa.

Kwenye maziko Mzee Faki hakunilaumu. Alinitazama tu. Niliporudi nyumbani nilikukuta unatambaa ukumbini, ukacheka, nikayaona yale meno mawili ya juu, na Mungu ananijua, nilirudi nyuma. Mimi niliyeuliza lile swali nilimwogopa mtoto wa kutambaa. Hivyo ndivyo hofu ilivyo na nguvu pale tukio moja linapokuja kuithibitisha.

Lakini homa ile haikuingia nyumba yetu peke yake. Arubaini ilipopita nilianza kuuliza, nyumba kwa nyumba, kwa upole, kama mtu anayetembelea jamaa. Mayatima wengi wa homa ile walikuwa wameota ya chini kwanza, kama watoto wengi. Na vigego? Walikuwapo, wengi kuliko tulivyodhani, na baba zao wazima wanapalilia mihogo. Hatukuwajua kwa sababu mama zao walikuwa wamewaficha. Mama akiona jino la juu hufunga mlango mpaka la chini litoke, asije mtu kusema. Basi kigego asiyeleta msiba hakuonekana, na kigego aliyepatwa na msiba alitajwa kisiwa kizima. Ukoo wetu ulijenga sheria yake juu ya wale wa kutajwa tu.

Kombo, ulihukumiwa kwa watoto wawili. Wewe sasa unataka kuhukumu vinywa vya kisiwa kwa wangapi?

Utaniuliza mimi wangapi watosha. Hesabu hii niliionja chuoni, kisha nikaijua vizuri nilipowasaidia watu wa kilimo kwenye majaribio ya mikarafuu, kwa hiyo nivumilie nieleze. Jibu si namba ya kuokota njiani. Kwanza sema ni tofauti ya kiasi gani unayoitafuta. Anayetaka kujua kama ng'ombe ni mzito kuliko kuku atosheka na mmoja mmoja. Anayetaka kujua kama ng'ombe wa Wingwi wamewazidi kidogo wa Chake itambidi apime wengi, maana ng'ombe wa Wingwi wenyewe kwa wenyewe wanaachana kuliko hiyo tofauti anayoitafuta. Na vinywa vya watoto vinaachana sana. Kama waliong'olewa watawashinda wasiong'olewa kwa unene wa ukucha, wachache wako hawatakuonyesha kitu, au watakuonyesha kitu kisichokuwapo.

Kisha sema uko tayari kudanganyika kwa kiasi gani. Unaweza kuona dawa pasipo na dawa, na unaweza kupita penye dawa usiione. Kosa la kwanza litang'oa meno mazima ya watoto wa skuli zote. La pili litamwacha Mize afunike mdomo mpaka uzee. Ukiyaogopa yote mawili, kama ninavyoyaogopa mimi, idadi itapanda. Lakini usinifahamu kuwa nataka watoto wote wa Pemba. Kila anayezidi haja umemng'oa meno manne bure, na huyo pia ana mama.

Hesabu watoto, usihesabu meno. Najua vijana wa kazi yenu, wakipima meno yote ya mtoto mmoja, huandika kana kwamba wamepata ushahidi mwingi. Meno ya kinywa kimoja ni ndugu waliolala kitanda kimoja, mmoja akisukumwa wote wanasogea. Na Kisiwa Panza, unakotaka kuchukua wengi kwa kuwa wako karibu karibu, wanaoana wenyewe kwa wenyewe. Taya la babu mmoja limezunguka kisiwa kizima. Watoto wengi wa Panza ni watoto wachache, ukiwatazama kwa jicho la hesabu.

Zaidisha na akiba. Nyaya zitawauma, wengine watazikimbia. Msimu wa karafuu ukifika nyumba nzima zitahamia kambini. Na siku hizi, unajua, watu huulizana chama kabla ya kuulizana hali. Mzazi akisikia kuwa jirani wa chama kingine kampeleka mwanawe kwako, huyu wake atamtoa. Hilo nalo linanitia hofu, na sina hesabu yake.

Na idadi iamuliwe kabla hujaanza. Ukichungulia matokeo kila mara, ukasimama siku utakayopenda unachokiona, utakuwa umezikumbatia kete kifuani na kusema, "Basi, tusirushe tena."

Sikatai kazi yako. Huenda ikawa kweli, na watoto wetu wakacheka mikono ikiwa chini. Naliombea hilo. Ninachoogopa ni sisi sote, wewe mwenye koleo na sisi wenye watoto, kujiona tunajua kabla ya kujua. Nimeshaiona nyumba yetu ikikaa hivyo mara moja, mchana kweupe, watu wazima wenye akili zao, na mtoto mmoja katikati amefunikwa mdomo.

Jana Mize alinijia na swali. Unajua watoto wetu, jino la utoto likitoka hulirusha juu ya paa na kuomba jipya. Akaniuliza, "Babu, haya atakayoyang'oa mjomba Kombo nayo nitayarusha juu? Nitapewa mengine?"

Nilimwambia akaniletee maji ya kunywa, nikaenda zangu nyuma ya nyumba.

Mwenyezi Mungu akuvushe salama. Mama yako anakusalimu, na kile chumba chako tumekipaka chokaa. Ila jambo moja, mwanangu: leo hii, kabla hujafunga sanduku la vyombo, kaa uandike ni watoto wangapi na kwa nini wawe hao, wasipungue wala wasizidi, uniletee.

Baba yako Mkubwa,
Chake Chake