Wanga Haukai kwenye Tetroni

Dada Tekla, shikamoo.

Huku Songea baridi inauma, ila leo sikuisikia kwa jasho la aibu. Lile shati la pamba ulilonifungia nikamposee mwanao sikulivaa. Nilinunua la tetroni, kile kitambaa cha kiwandani kisicho na pamba, kwenye mitumba, nikajiona nimempita bwana harusi mwenyewe. Mama Odilia, mwenyeji wangu hapa Bombambili, alikuwa akitia nguo wanga wa muhogo. Alipolichovya lako, nami nikalichovya langu.

“Kaka, tetroni haishiki wanga,” akanionya. “Pamba ndiyo inayounywa.”

Nikapiga pasi hivyo hivyo. Ajabu, dada! Kwenye pamba nyuzi zote zililala, shati likanyooka, likawa gumu kama karatasi mpya. Kwenye langu wanga ulikaa juu juu tu, kama uji uliokaukia sahani.

Nikalivaa hilo hilo la tetroni. Kule ukweni, mtaani Majengo, nilipoinama kusalimia, wanga ukabanduka magamba magamba, ukamwagika mkekani. Nikajua posa ya mwanao nimeiharibu.

Shangazi wa binti akaokota gamba moja, akalisugua kwa vidole.

“Mshenga, huko kwenu hakuna anayejua kutia wanga?”

“Hakuna, mama.”

“Basi mchukueni binti yetu. Naona mna shida kweli.”

Nyumba nzima ikacheka, nami nikacheka nikijipangusa. Andaa vigelegele, dada! Shati lako nimelikunja vizuri, nitalivaa harusini. Hata hivyo, unikague kwanza mlangoni.

Mdogo wako akupendaye,
Kasiani